Siku ya mtakatifu msimamizi wa parokia ikiangukia Dominika ya Kipindi cha Pasaka, tunaiadhimisha lini?

Katibu wa Liturujia:

Tumsifu Yesu Kristo.

Parokia yetu imewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Marko Mwinjili, ambaye Kanisa humwadhimisha tarehe 25 Aprili. Kwa miaka mingi tumekuwa na desturi ya kuihamishia sherehe hii kwenye Dominika iliyo karibu, kwa kuwa katikati ya juma waamini wengi wako kazini, watoto wako shuleni, na kanisa halijai hata nusu. Kwa hiyo halmashauri ya walei ilipotazama kalenda ya mwaka 2027 na kuona kwamba tarehe 25 Aprili itaangukia Dominika yenyewe, wajumbe walifurahi sana, na kamati yetu ikaanza kupanga Misa moja kubwa yenye masomo ya Mtakatifu Marko, mavazi mekundu, na nyimbo ambazo kwaya imekwisha kuanza kuzifanyia mazoezi.

Paroko, ambaye hajakaa kwetu muda mrefu, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba Misa ya Dominika hiyo haiwezi kuwa ya Mtakatifu Marko, na kwamba hata ule utaratibu wetu wa kuisogeza sherehe hadi Dominika ya karibu haukuwa halali. Ameahidi kutufafanulia katika kikao kijacho, lakini mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa rasimu ya ratiba, na wajumbe wameanza kuniuliza maswali nisiyo na majibu yake. Swali linalorudiwa zaidi ni hili: majirani zetu, ambao msimamizi wao ni Mtakatifu Fransisko wa Assisi, huadhimisha siku yake Dominika bila kuzuiwa na mtu yeyote, kwa nini wao waruhusiwe na sisi tukatazwe?

Naomba kuelezwa sababu ya tofauti hiyo. Na ikiwa kweli hairuhusiwi, naomba pia ushauri wa namna parokia kama yetu inavyoweza kumheshimu msimamizi wake pasipo kuishia na Misa ya watu wachache siku ya kazi.

Mhudumu wa Altare:

Milele na milele, Amina.

Paroko wenu yuko sahihi katika mambo yote mawili, wala hayo si maoni yake binafsi. Yamo katika Kanuni za Jumla za Mwaka wa Liturujia na Kalenda, ambazo Papa Paulo VI aliziidhinisha mwaka 1969. Mwishoni mwa kanuni hizo kuna jedwali linalozipanga siku zote za liturujia kwa ngazi, na maswali ya namna hii karibu yote hupata jibu humo: maadhimisho mawili yakigongana, lililo ngazi ya juu ndilo linaloadhimishwa.

Kwa Kanisa zima, siku ya Mtakatifu Marko ina hadhi ya sikukuu. Katika kanisa lenye jina lake, hata hivyo, hadhi hiyo hupanda na kuwa sherehe, ambayo ni ya juu kabisa. Ndiyo maana kwenu siku hiyo huimbwa wimbo wa Utukufu na kusaliwa Nasadiki, yaani kanuni ya imani, husomwa masomo mawili kabla ya Injili badala ya moja, na adhimisho lenyewe huanza kwa Masifu ya Jioni, yaani sala rasmi ya Kanisa ya jioni, ya siku iliyotangulia. Sherehe ya jina la kanisa iko juu ya Dominika za Kipindi cha Kawaida, yaani zisizo za Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka, na hapo ndipo uhuru wa majirani zenu unapotoka. Tarehe 4 Oktoba ikiangukia Dominika, kama ilivyo mwaka 2026, sherehe ya Mtakatifu Fransisko huchukua nafasi ya Dominika hiyo katika parokia yake. Ikiangukia katikati ya juma, kanuni ya 58 inaruhusu iadhimishwe Dominika kwa manufaa ya kiroho ya waamini.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, inahusu Dominika za Kipindi cha Kawaida tu. Dominika za Majilio, za Kwaresima na za Pasaka zimewekwa ngazi moja na Noeli, Epifania, Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, na hakuna mtakatifu anayezipita. Mwaka 2024 tarehe 8 Desemba iliangukia Dominika ya Pili ya Majilio, na hata sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili ikasogezwa hadi Jumatatu tarehe 9. Ikiwa Mama wa Mungu alipisha, Mwinjili hawezi kulalamika.

Sasa tazameni hali ya parokia yenu, ambayo kwa kweli ni ya pekee. Pasaka haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili, na kipindi chake huchukua siku hamsini. Maana yake ni kwamba tarehe 25 Aprili haitoki kamwe nje ya Kipindi cha Pasaka, wala hakuna mwaka ambapo Dominika iliyo karibu nayo itakuwa ya Kipindi cha Kawaida. Parokia ya Mtakatifu Fransisko inayo nafasi kila mwaka. Parokia ya Mtakatifu Marko haina hata mwaka mmoja. Mwaka 2025 tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa ndani ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, ambayo nayo haiguswi, hivyo sherehe ilipaswa kusogezwa hadi Jumatatu tarehe 28 Aprili. Mwaka 2026 ni Jumamosi ya kawaida ndani ya Kipindi cha Pasaka, kwa hiyo inabaki siku yake. Mwaka 2027 ni Dominika ya Tano ya Pasaka, na sherehe yenu itahamia Jumatatu tarehe 26 Aprili. Kwa wanaopenda kuichambua kalenda kama mimi, mwaka 2038 Pasaka yenyewe itakuwa tarehe 25 Aprili. Oktava itakapokwisha, Jumatatu tarehe 3 Mei itakuwa tayari ni sikukuu ya Mitume Filipo na Yakobo, na Mtakatifu Marko atasubiri hadi Jumanne tarehe 4.

Yawezekana mtu akapendekeza mwombe kibali kwa Askofu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 374, yanampa Askofu mamlaka ya kuruhusu Misa maalumu kwa sababu kubwa ya kichungaji, lakini yanazitaja siku zisizohusika, na Dominika za Pasaka zimo. Hapo mlango umefungwa.

Kuhusu masomo, ya sikukuu yenyewe ni Waraka wa Kwanza wa Petro sura ya 5, ambamo mtume anamtaja "Marko mwanangu", na mwisho wa Injili ya Marko, ambapo Bwana anawatuma wanafunzi ulimwenguni kote. Kwa kuwa kwenu ni sherehe, mtaongeza somo la kwanza, na katika Kipindi cha Pasaka hilo huchukuliwa katika Matendo ya Mitume au Ufunuo, si katika Agano la Kale. Mavazi mekundu mliyoyapanga ni sahihi, mradi yavaliwe Jumatatu.

Mjumbe wa Halmashauri:

Nimesoma maelezo hayo kwa makini na siyapingi, lakini naona yanawaacha waamini wa kawaida nje ya mlango. Msimamizi wa parokia ni wa parokia nzima. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi watakaofika ni wazee wachache, masista ikiwa wapo, na wanakamati waliolazimika kuja kupanga viti. Mama anayefanya kazi ya zamu, kijana aliye shuleni na baba anayerudi nyumbani usiku wataisikia sherehe ya msimamizi wao kwenye matangazo ya Dominika inayofuata. Je, hayo ndiyo manufaa ya kiroho yanayotajwa katika kanuni? Ningetamani anayezifahamu taratibu hizi atueleze kile tunachoweza kufanya, kwani tusichoweza kukifanya tumekwisha kukielewa vizuri.

Katekista Mstaafu:

Ndugu Mjumbe ana hoja, nami nitajaribu kuijibu kwa kuanzia mbali kidogo.

Ushuhuda wa kale sana tulio nao wa desturi hii ni barua ya Wakristo wa Smirna ya karne ya pili, inayosimulia kifo dini cha Askofu wao Polikarpo. Wanaeleza kwamba waliikusanya mifupa yake, wakaiweka mahali pafaapo, na kwamba wangekutana hapo kila mwaka kuiadhimisha siku ya kifo chake kwa furaha, wakiiita siku ya kuzaliwa. Walishikamana na siku ileile aliyoingia mbinguni, na hadi leo watakatifu wengi sana tunawakumbuka siku ya kufa kwao; Yohane Mbatizaji na Bikira Maria ni kati ya wachache ambao tunaadhimisha pia kuzaliwa kwao hapa duniani. Kwa hiyo siku ya mtakatifu ina uzito wake yenyewe. Mkiiadhimisha Misa yake siku ambayo Kanisa limewapangia, hata mkiwa wachache, mmeiadhimisha kwa niaba ya parokia yote. Kinachoweza kurekebishwa ni saa. Sioni ni nani aliyeamuru kwamba Misa ya Jumatatu iwe alfajiri: iwekeni jioni watu wakiwa wametoka kazini, itangazeni kuanzia Dominika ya Matawi, kisha muone.

Jambo la pili ni kutenganisha Misa ya sherehe na shamrashamra zake. Liturujia ya Dominika tarehe 25 haibadilishwi, lakini hakuna kanuni inayowazuia kumwombea kila mwanaparokia kwa kumtaja msimamizi katika sala za waamini, kufanya maandamano na sanamu yake baada ya Misa, kuwabariki watoto, kuwatembelea wagonjwa wa kila jumuiya, au kukutana pamoja mchana kutwa. Novena nayo yaweza kuanza Jumamosi tarehe 17 na kumalizika Dominika jioni, ili siku tisa ziwafikishe Jumatatu mkiwa mmejiandaa. Mwongozo wa Ibada za Watu na Liturujia, uliotolewa Vatikano mwaka 2001, unasisitiza kwamba ibada za namna hii zikubaliane na kipindi cha liturujia. Kwa hiyo sala za novena yenu ziwe na harufu ya Ufufuko.

Ni mahubiri ya Dominika hiyo, hata hivyo, yanayonivutia kuliko yote. Mwaka 2027 utakuwa Mwaka B katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Dominika, ambao ndio mwaka wa Injili ya Marko, ingawa katika Kipindi cha Pasaka tunasoma zaidi Yohane. Somo la kwanza la Dominika ya Tano ya Pasaka katika Mwaka B ni Matendo 9:26-31: Saulo amefika Yerusalemu, wanafunzi wote wanamwogopa, hakuna anayeamini kwamba ameongoka, na mtu mmoja tu, Barnaba, anamshika mkono na kumpeleka kwa mitume. Sasa endeleeni hadi sura ya 13 na ya 15. Yohane Marko, aliye binamu wa Barnaba kwa ushuhuda wa Waraka kwa Wakolosai, anawaacha wenzake huko Perga na kurudi Yerusalemu. Safari ya pili inapopangwa, Barnaba anataka kumchukua tena, Paulo, yaani yule Saulo, anakataa katakata, na ugomvi unakuwa mkali hata wakaachana. Aliyetetewa na Barnaba mbele ya watu wasiomwamini, sasa yeye ndiye asiyemwamini mtu mwingine anayetetewa na Barnaba yuleyule. Baadaye, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa katika utumishi. Mhubiri akiliunganisha hilo na Injili ya siku hiyo, ya mzabibu na matawi, atakuwa amemhubiri msimamizi wenu kwa kina kuliko ambavyo masomo ya sikukuu yenyewe yangemwezesha, na hajabadilisha hata mstari mmoja wa Misa ya Dominika.

Jumamosi inayotangulia someni Injili yote ya Marko kwa sauti kanisani, wasomaji wakipokezana sura. Ni sura 16, fupi kuliko Injili nyingine zote, na kwa kawaida haizidi saa mbili. Kila jumuiya ndogo ndogo ikabidhiwe sehemu yake. Nimewahi kuliona jambo hili likifanyika, na walionishangaza ni vijana: walipofika kwenye kukamatwa kwa Yesu, na yule kijana aliyekimbia uchi akiiacha shuka yake, hakuna aliyecheka, na msomaji aliyepokea kitabu alilazimika kungoja kidogo kabla ya kuendelea.

Mniwie radhi kwa neno moja la mwisho. Siku ya msimamizi isigeuzwe kuwa siku ya kuhesabu michango hadi giza linaingia. Mtakatifu Augustino anasimulia kwamba mama yake, Monika, alipokuwa Milano alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi akiwa amebeba uji, mkate na divai kama alivyozoea kwao, na mlinzi wa mlango akamzuia kwa sababu Askofu Ambrosi alikuwa amepiga marufuku, ili walevi wasipate kisingizio. Monika alitii mara moja. Tangu zamani, karamu imekuwa ikitafuta namna ya kummeza mtakatifu.

Msomaji wa Kianglikana:

Niruhusuni kuongeza kwamba jambo hili haliwahusu Wakatoliki peke yao. Katika kalenda ya Kanisa la Uingereza nasi tunamkumbuka Marko tarehe 25 Aprili, siku mbili tu baada ya Mtakatifu George, na wote wawili hukutwa na tatizo hilohilo. Siku zao zikiwa kati ya Dominika ya Matawi na Dominika ya Pili ya Pasaka, huhamishwa: akiwa mmoja, huwekwa Jumatatu inayofuata, wakiwa wote wawili, George huchukua Jumatatu na Marko Jumanne. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025, ambapo Marko aliadhimishwa tarehe 29 Aprili, siku moja baada ya ndugu zetu Wakatoliki wa parokia za Mtakatifu Marko.

Katibu wa Liturujia:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Pendekezo la kuisoma Injili nzima nimelipeleka kwa Paroko na amelipokea kwa furaha. Limebaki swali moja ambalo wajumbe wawili wameniuliza kwa nyakati tofauti. Kwa kuwa sherehe huanza jioni ya siku iliyotangulia, je, Misa yetu ya Dominika jioni, tarehe 25, haiwezi kuhesabiwa kuwa Misa ya mkesha wa Mtakatifu Marko? Tungekuwa tumempata siku yake na Dominika yake kwa pamoja. Aidha, nimesikia kwamba anayelitembelea kanisa la parokia siku ya msimamizi hupata rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Je, rehema hiyo inabaki tarehe 25 au inahamia tarehe 26?

Mhudumu wa Altare:

Wajumbe hao wawili wana akili nyingi, lakini njia hiyo nayo imezibwa. Jioni ya siku moja ikikutana na mkesha wa siku inayofuata, jedwali lilelile ndilo linaloamua, na Dominika ya Pasaka iko juu ya sherehe ya jina la kanisa. Dominika tarehe 25 itabaki Dominika hadi usiku, kwa Misa na kwa Masifu ya Jioni. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa upande wa pili pia: mwaka 2026, ambapo sherehe yenu ni Jumamosi, Misa ya jioni ya siku hiyo tayari ni ya Dominika, na ya Mtakatifu Marko haina budi kuadhimishwa mapema zaidi.

Kuhusu rehema, ulichosikia ni kweli. Mwamini anayelitembelea kwa ibada kanisa la parokia siku ya sherehe ya msimamizi wake, akasali humo Baba Yetu na Nasadiki, anaweza kupata rehema kamili kwa masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutokuwa na mapenzi kwa dhambi yoyote, hata ndogo. Adhimisho likihamishwa kihalali, rehema huhamia nalo, kwa hiyo kwenu itapatikana Jumatatu tarehe 26. Liandikeni jambo hilo kwenye tangazo pamoja na saa ya Misa ya jioni, na mwombeni Paroko aketi kwenye kitubio mapema siku hiyo, kabla ya watu kuanza kumiminika kutoka kazini. Msisahau pia kwamba sherehe hii haina amri, yaani waamini hawalazimiki kuhudhuria Misa, kwa hiyo asiyeweza kufika hana dhambi. Na Misa ya Jumatatu haichukui nafasi ya ile ya Dominika kwa mtu aliyeikosa bila sababu.